Tulivyomstiri Mwalimu

Mwalimu alikuwa akilibana gazeti kwenye kamba ya nguo. Vibanio viwili juu, kimoja chini ili upepo wa ziwani usilipeperushe, kisha anarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, anaanza kusoma vichwa vya habari. Ukimkuta hivyo na kumsalimu, anakwambia limelowa njiani, analikausha. Gazeti lilikuwa limekuja na treni, kiangazi, hakuna aliyeona tone la mvua kwa miezi. Unamjibu, "Pole, Mwalimu," unaendelea na ndoo yako kwenda bombani.

Mimi nami nilimjibu hivyo hivyo, miaka mingi. Nilikuwa jirani yake pale Bangwe, ua wa minyaa tu kati ya nyumba yake na yangu, na nilikuwa nesi wa macho kwenye zahanati. Katika watu wote wa mtaa ule, mimi ndiye ambaye serikali ilinitoa Dodoma na kunileta Kigoma ili nimwambie mtu kama yeye ukweli. Sikumwambia. Naliandika hili kwanza ili msomaji asije akadhani namzungumzia Mwalimu peke yake.

Kwa mbali hakuna aliyemfikia. Nyumba yake ilikuwa mtelemkoni, ziwa lote liko mbele, na boti ikitokea upande wa Burundi yeye anaiona wakati sisi wengine tunaona maji tu. "Ile imejaza watu, si mzigo," anasema. "Inakwenda polepole, imezama mno." Tunakodoa macho, hatuoni kitu. Baada ya muda inajitokeza, na kweli ni watu, wamesongamana na magodoro na mbuzi. Miaka ile ya tisini boti za namna hiyo zilikuja mfululizo, na akina mama wa Bangwe walikuwa wakibandika sufuria za uji kwa neno la Mwalimu, kabla boti haijagusa mchanga. Walimsifu kwa hilo mbele yake. Alikuwa akijifanya hasikii, lakini alikuwa anapenda.

Basi ndivyo jambo lake lilivyojificha. Mtu anayeona boti katikati ya Tanganyika, nani atathubutu kumwambia haoni kitabu kilichomo mkononi mwake? Na wala halikuwa jambo la ajabu. Ukishapita miaka arobaini, ile lenzi iliyomo ndani ya jicho, ambayo ujanani hujikunja yenyewe ili uone vitu vya karibu, huanza kukakamaa. Si ugonjwa, si uchawi, si kwa sababu ulisoma sana na kibatari. Humpata mkulima na humpata askofu. Mwanzoni unasogeza karatasi mbali kidogo, unatafuta mwanga, unalalamika kwamba siku hizi wanachapa maandishi madogo. Halafu kichwa kinauma jioni. Dawa hakuna, na haihitajiki: miwani ya kusomea inatosha, na kila baada ya miaka michache unaongezewa nguvu kidogo. Nilikuwa nayo sanduku zima, imepangwa kwa namba, chini ya meza yangu.

Yeye alikuwa na namna zake. Madaftari ya wanafunzi hakusahihisha kwa kusoma, alimwita mwanafunzi mbele, "Nisomee ulichoandika, kwa sauti, nisikie kama wewe mwenyewe unakiamini." Watoto waliogopa kipindi hicho kuliko fimbo. Wengi wao leo wanasema ndipo walipojifunza kuandika, maana ukisoma upuuzi wako kwa sauti mbele ya darasa, unausikia. Alama alizitoa kwa kusikia. Mkaguzi mmoja kutoka mkoani aliusifu mtindo huo kwenye taarifa yake, akashauri walimu wengine waige.

Kanisani alikuwa msomaji. Jumamosi mkewe, Muha wa Simbo, mwanamke mcheshi ambaye cheko lake lilivuka minyaa na kunifikia jikoni, alikuwa akimsomea somo la kesho yake, mara tatu, mara nne, hadi analishika. Jumapili Mwalimu anafungua kitabu, anasoma kwa sauti yake nzito, na akifika mahali pa kugeuza ukurasa anageuza. Wakati mwingine aligeuza kabla, na sentensi ikaendelea bila wasiwasi upande ambao haikuandikwa. Safu mbili za mbele waliona. Padri aliona. Watu walikuwa wakitazama misalaba ya rozari zao.

Siku moja nilimuuliza mkewe, tukichambua dagaa, "Mama, mbona humwambii aje kwangu?"

"Nimwambie nini, Sista? Kwamba amezeeka?" Akatupa jiwe pembeni. "Mimi ndiyo miwani yake. Oya, hapana, usimguse."

Tukacheka sana. Mwaka uliofuata alifariki, homa ya siku tano, na Mwalimu akaacha kusoma kanisani. Alisema kifua kinambana akipandisha sauti. Tukampa pole ya kifua.

Lazima niseme pia alikuwa mkali, na mara nyingine hakuwa na haki. Alimkatalia mtu ugoro kwa sababu alisema "nasoma" akimaanisha anaangalia picha. Hakuvumilia mwandiko mbaya, yeye ambaye mwandiko hakuuona. Alikuwa akivaa tai kwenda sokoni kununua samaki, migebuka tu. Wakimbizi wapya walipoanza kufika, kuna majirani waliosema hawa watatuletea kipindupindu, naye akawagombeza barabarani kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Na mimi nilikuja na nini? Nilikuja na kipindupindu?" Watu walishangaa. Alikuwa amekaa nasi muda mrefu, anafundisha Kiswahili watoto wetu, hata tulikuwa tumesahau kwamba na yeye alivuka.

Alivuka akiwa kijana, katika mauaji ya zamani kwao Burundi, kabla ya haya ya miaka ya tisini. Nilisikia habari hiyo kwake mara moja tu, barazani kwangu, alipokuja kuazima pasi akaliona sanduku la miwani, nililokuja nalo nyumbani, wazi mezani. Hakuigusa. Alisimama akasema kama mtu anayetoa habari za mtu mwingine: "Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mmoja. Askari walipokuja, hawakuwa na orodha. Walisema, tunataka wale wenye miwani na wale wenye kalamu mfukoni. Kalamu alikuwa ameitupa. Miwani hakuweza kuitupa, asingeona njia." Akachukua pasi, akashukuru, akaondoka.

Baada ya hapo nikajiambia kwamba sasa ninayo sababu ya kunyamaza. Lakini nilikuwa nimenyamaza kabla ya hapo. Mkewe alipokuwa hai, kabla hajaniambia nisimguse, alimleta zahanati siku moja kwa hila, akisema ni yeye anayekwenda kupima. Mwalimu alikaa kwenye benchi nyuma ya mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese. Nilikuwa na kadi moja tu ya kupimia, mistari ya Kiswahili inayozidi kuwa midogo, na yule bwana aliisoma kwa sauti kubwa, akaruka mstari wa tatu kwa haraka zake. Zamu ya Mwalimu ilipofika, aliishika kadi, akasoma vizuri kabisa hadi mstari wa mwisho. Na yeye akauruka wa tatu.

Niliona. Nilimtazama, akanitazama, na benchi limejaa wazazi wa wanafunzi wake. Nikaandika kwenye daftari: karibu, nzuri. Huko kwetu na huku Kigoma tumelelewa hivyo, mtu unayemheshimu humuumbui mbele za watu. Unajifanya hamnazo. Nilitoka kazini siku ile najiona nimefanya jambo la kiungwana.

Sasa nifike kwenye kitu alichokitaka duniani. Alipovuka, alimwacha mdogo wake wa kike, msichana wa miaka tisa, mkononi mwa shangazi. Walikubaliana atarudi kumchukua wiki ile ile. Njia ikafungwa, shangazi akahama, na wiki ile ikawa miaka ishirini na zaidi. Kila boti iliyofika alishuka ufukweni na tai yake, anauliza: mmemwona fulani, binti fulani, wa kilima fulani? Jina la mdogo wake tulilijua sote Bangwe, hata watoto, kwa jinsi alivyolitamka pale majini. Hakuwa na picha yake. Alikuwa anaonyesha kwa mkono urefu wa mtoto wa miaka tisa, kisha anakumbuka, anaupandisha mkono.

Kisha wakaja watu wa shirika la kutafuta jamaa waliopoteana. Waliandikisha kila aliyefika na mtu anayemtafuta, na kila Alhamisi orodha mpya ikabandikwa ofisi ya kata: karatasi zilizopigwa taipu kwa utepe uliochakaa, mistari imebanana, ndani ya ubao uliozibwa kwa wavu wa kuku ili zisichanwe. Ubao wenyewe uliwekwa kwenye veranda, kivulini. Huwezi kuitoa karatasi uipeleke juani. Huwezi kurudi nyuma, maana watu wamejaa mgongoni kwako.

Alhamisi Mwalimu alikuwa wa kwanza. Watu walimpisha. Aliweka kidole juu ya wavu, akakishusha taratibu, mstari kwa mstari, midomo inatikisika. Akimaliza anageuka: "Hayupo wiki hii." Tunasema, "Pole, Mwalimu. Mungu ni mkubwa." Na kuna akina mama wasiojua kusoma waliokuwa wakimwomba, "Mwalimu, niangalizie na wangu." Hao hakuwadanganya hata siku moja. Aliwaambia, "Muombe kijana huyu, naye apate mazoezi," akamsimamia kijana alitafute jina la huyo mama hadi mwisho wa karatasi. Mambo ya watu wengine hakuyafanyia mchezo. La kwake alilishika mwenyewe, na sisi, kila mtu akitafuta wa kwake, tukamwachia.

Nilimwambia mara moja, kwa kuzungukazunguka, kwamba ubao ule uko gizani, hata mimi unanisumbua, pengine tuwe tunaangalia wawili wawili. Aliniambia bila hasira, "Sista, jina la mdogo wangu nitalijua hata usiku wa kiza." Nikamwamini, au nilitaka kumwamini. Nilipita mbele ya ubao ule kila siku na kikapu changu. Surua ilikuwa imejaza watoto zahanati, nilikuwa nachoka, hilo ni kweli. Lakini kusimama pale dakika kumi ningeweza. Sikusimama kwa sababu angeweza kutokea akanikuta, akajua kwamba najua.

Mama mmoja alikuja mtaani kwetu mwishoni mwa masika, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya koti la kiume. Alikuwa ametoka kambini, amepewa ruhusa ya kuja hospitali ya mkoa, na alikuwa akiuliza nyumba ya mwalimu wa Bangwe. Nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa uani. Wakasalimiana Kirundi, nikavutiwa kiti, nikataka kuondoka, Mwalimu akasema, "Kaa, Sista, ni mgeni wetu sote."

Mama yule akaongea Kiswahili kwa heshima yangu. "Mimi nilikaa hema moja na mdogo wako. Pale kituo cha wakimbizi, ufukweni, kabla hawajatupakia malori ya kwenda kambi ya Kasulu. Miezi miwili."

Mwalimu alisimama. "Yuko wapi?"

"Walituandika. Karatasi walitusomea kabla ya kuileta huku kwenu, nimelisikia jina lake, na mbele yake wakasoma: anamtafuta kaka yake, mwalimu, Bangwe. Alikuwa anajua uko Bangwe. Wavuvi walimwambia. Kutoka nje hatukuruhusiwa. Kila Alhamisi anajipaka mafuta, anakaa langoni. Alhamisi, na Alhamisi nyingine. Nilimwambia pengine kaka yako amesafiri. Akasema, oya, wameniambia yupo, wanamwona ubaoni kila wiki, anasoma. Akasema, kaka amekuwa mtu wa huku, hataki tena wakimbizi."

Kutoka Bangwe hadi kituo kile ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

"Yuko wapi?" Mwalimu akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Tulimzika kambini kabla ya Pasaka. Tumbo la kuhara. Hakukuchukia, nisikudanganye. Alisema tu asikusumbue."

Sijui kama kuna mtu aliyepata kusikia kitu kizito kuliko hicho akiwa amesimama uani kwake, nguo zimeanikwa. Hakulia. Alimkaribisha mama yule chai, akaichemsha mwenyewe, akaimimina, na sukari akamwaga nje ya kikombe. Mimi nilikuwa nalia, naona aibu kulia kuliko mwenye msiba. Nilijua, tangu mama yule alipotamka neno ubaoni, kwamba msiba huu tumeutengeneza sisi, kwa adabu zetu nzuri.

Siku ya nne alikuja zahanati saa ya kufungua, akakaa kwenye benchi kama wengine. Zamu yake ilipofika hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, benchi lote linasikia, akasema, "Sista, sioni karibu. Ni muda mrefu. Naomba miwani." Na watu, Mungu atusamehe, wakatazama chini, wakaanza kuongelea bei ya muhogo.

Nilimpima vizuri, kama nilivyopaswa kumpima miaka yote ile. Alihitaji namba mbili na nusu. Alipoivaa alitazama kwanza viganja vyake, muda mrefu, mbele na nyuma. Kisha akaniomba nimsindikize ofisi ya kata. Karani alikuwa amezitunza orodha za zamani kwenye faili, akatukabidhi. Mwalimu aliketi ngazini akapekua moja moja. Jina lilikuwepo kwenye Alhamisi sita, mfululizo. Mahali pale pale, katikati ya karatasi, ambapo kidole chake kilikuwa kimepita mara sita. Aliweka kidole tena, akausoma mstari kwa sauti, jina, kilima, umri, anamtafuta nani. Alisoma kama anavyowataka wanafunzi wasome. Alipofika kwenye neno mwalimu alilifunga faili.

Hakukaa sana Bangwe baada ya hapo. Alihamia Kidahwe, akapata nafasi shule ya pale, kando ya barabara ya kwenda Kasulu, barabara iliyompitisha mdogo wake kwenye lori. Nilisikia kwamba anakwenda kaburini kila likizo. Nilisikia pia kwamba siku hizi anasahihisha madaftari mwenyewe, kimya, na wanafunzi wanamwona mpole kupita kiasi.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokaribia kustaafu. Gari la zahanati liliharibika karibu na Kidahwe, nikashuka nikauliza kwake. Nilimkuta chumba kimoja, kisafi, mezani chungu ya madaftari, miwani puani. Alikuwa amezeeka. Aliinuka akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sista. Mwiriwe," akaongeza salamu ya kwao. "Karibu, karibu ndani."

Tulizungumza habari za Bangwe, nani amekufa, nani amejenga. Nilimpima pale pale, namba ilikuwa imepanda, nikamwahidi nitamtumia nyingine. Akashukuru. Kisha akaivua miwani, akaishika mapajani, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri miaka yote nikidhani halitakuja.

"Sista, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Mazoea yangu yote yalikuwa upande huo. "Nilikuwa najua, Mwalimu."

"Padri?"

"Naye."

"Karani wa kata? Wale wa ubaoni, waliokuwa wakinipisha?"

"Wote, Mwalimu. Tulikuwa tunakuheshimu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali jibu la mwanafunzi ambaye amejitahidi. Nje dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani, akanifungulia mlango wa gari, akainama dirishani ili dereva asisikie.

"Mngeniaibisha tu, Sista," akasema. "Siku moja ya aibu. Ningekuwa nimemwona."